Matone ya Bonde la Ruzizi

Tarehe 24 Februari 1958, katika tambarare inayotenganisha milima ya Mitumba na milima ya Burundi, ilianza kazi ambayo dunia haikuwa imewahi kuiona kwa ukubwa ule. Watu walipangwa mistari, wazee kwa watoto, wakafungua vinywa, wakatiwa kimiminika chenye virusi hai vya polio. Ilipofika tarehe 10 Aprili walikuwa wamekwisha kupewa watu 215,504. Bonde hilo ni la mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye kona yake ya kaskazini, kati ya Bujumbura na mji wangu wa Uvira.

Mimi ni mchanjaji mstaafu. Nimebeba glasieri, lile sanduku la barafu la chanjo, begani kutoka Kavimvira hadi Makobola, nimepanda nayo Kasenga, nimeshuka nayo Kalundu bandarini ambako watu wanaanika ndagala. Katika kazi hiyo yote swali lililonishughulisha ni moja: nani analala ndani ya nyumba hii, na je, mwili wake unaweza kupokea tunachokileta? Mwaka 1958 swali hilo halikuwa na mtu wa kuliuliza. Leo lina majibu, na majibu hayo yanamhusu hata mtoto wa Mulongwe aliyepandikizwa uboho ng'ambo na kurudishwa nyumbani.

Lakini hadithi ya chanjo hai kwetu haikuanza na polio. Ilianza na ndui. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, walikuta wafanyabiashara wa pembe na watumwa wamekwisha kuifanya Uvira kituo chao cha mwisho upande wa kaskazini wa ziwa. Njia iliyoleta shanga na vitambaa ndiyo iliyoleta ndui. Burton ameandika jinsi wapagazi wa misafara walivyoanguka njiani kwa ugonjwa huo kabla hata ya kuliona ziwa. Miaka 13 baadaye Stanley na Livingstone walipita kwa mtumbwi kuja kuhakikisha kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka, na ndui bado ilikuwa inatembea na misafara.

Wakati huo Ulaya ilikuwa na dawa tayari. Tangu mwaka 1796 Edward Jenner alikuwa ameonyesha kwamba mtu akichanjwa kwa uchafu wa ndui ya ng'ombe, ndui ya watu haimpati. Hiyo ndiyo chanjo hai ya kwanza, na kanuni yake haijabadilika mpaka leo: unamwingiza mtu kijidudu kilicho hai ila dhaifu, kijidudu kinazaana kidogo mwilini, mwili unajifunza kukipiga, na siku adui mwenye nguvu akija anaukuta umejiandaa. Faida yake ni kinga imara, mara nyingi kwa dozi moja tu. Gharama yake ni kwamba inategemea mwili wenye uwezo wa kujifunza. Ukiupa mwili usio na kinga, hakuna wa kukizuia kile kijidudu.

Wenzetu wa zamani hawakuwa na njia ya kuujua mwili wa namna hiyo. Mtoto aliyezaliwa bila kinga alikufa kwa kuhara au kwa kifua, akazikwa, na familia ikatafuta aliyemroga. Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, alieleza mwaka 1952 habari ya mtoto wa kiume ambaye damu yake haikuwa na protini za kinga. Ni miaka 6 tu kabla ya matone ya Ruzizi.

Aliyetengeneza matone yale ni Hilary Koprowski, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani. Tarehe 27 Februari 1950 alimpa mtoto wa kwanza virusi hai vya polio kwa njia ya mdomo, katika Letchworth Village, taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili jimboni New York. Baadaye akashirikiana na daktari Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya Stanleyville, mji ambao sasa tunauita Kisangani. Pale Lindi, karibu na Stanleyville, walifuga mamia ya sokwe ili kuijaribu chanjo. Kisha wakaja kwa watu. Madaktari wawili Wamarekani, George Jervis wa Letchworth na Agnes Flack, ambaye alikuwa akifanya kazi katika gereza la wanawake la Clinton huko New Jersey, walikuja Kongo kwa ajili ya kazi ile. Ripoti ilitoka katika gazeti la madaktari wa Uingereza mwezi wa Julai 1958, miezi mitatu tu baada ya tone la mwisho.

Nikiangalia orodha hiyo ya mahali naona jambo. Watoto wenye ulemavu waliofungiwa, watoto wa wafungwa wa Clinton, kisha raia wa koloni. Chanjo ilipita kwa wale ambao neno lao halikuwa na uzito mbele ya aliyeishika chupa. Sisemi kwamba nia ilikuwa mbaya, maana polio ilikuwa inapooza watoto na hakuna aliyekuwa na tiba, kama ambavyo hakuna mpaka leo. Ninachosema ni kwamba utawala ulimwagiza chifu, chifu akawaita watu, watu wakaja. Nani ana mimba, nani ametoka kuugua, nani anakohoa damu nyumbani, mambo hayo hayakuweza kujulikana katika mstari wa maelfu.

Chanjo ya Koprowski haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani iliidhinisha ya Albert Sabin, nayo pia hai na ya matone, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Lakini bonde letu halikusahauliwa. Mwaka 1999 mwandishi Mwingereza Edward Hooper alichapa kitabu kikubwa, The River, akidai kwamba ukimwi ulizaliwa katika matone ya Kongo, kwa sababu, alivyoamini, chanjo ilioteshwa katika figo za sokwe. Mwanabiolojia mashuhuri W. D. Hamilton alilichukulia dai hilo kwa uzito hata akaja Kongo kutafuta ushahidi. Aliugua malaria, akafa Uingereza Machi 2000.

Dai hilo lilipimwa, likaanguka. Mwaka 2001 akiba ya zamani ya chanjo ilichunguzwa katika maabara mbalimbali, watafiti wakakuta alama za tumbili wa Asia, si za sokwe. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni tawi jingine, mbali na lile lililozaa ukimwi wa watu. Baadaye ikafahamika kwamba sokwe wanaohusika ni wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na kwamba virusi vilishaingia kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20, miongo mingi kabla ya Koprowski kukanyaga Kongo.

Nilizihitaji tarehe hizo kazini kuliko kalamu ya kuweka alama vidoleni. Maana uvumi wa kwamba matone yaliletwa kutuua ulinitangulia katika milango mingi. Mzazi anayekataa hajalitoa hewani. Amesikia kwamba Wazungu walikuja bondeni wakajaribu dawa, na hilo ni kweli. Amesikia kwamba dawa ile ilileta ukimwi, na hilo si kweli. Ukikana yote mawili kwa pamoja, anajua unamdanganya. Mimi nilikuwa nakubali la kwanza, naeleza la pili, kisha nafungua glasieri namwonyesha kichupa. Kwenye lebo kuna duara la rangi ya zambarau na ndani yake mraba mweupe. Mraba ukiwa mweupe, chanjo haijaungua na joto; ukishafanana na duara, tunaitupa. Nikimwachia mama akague mwenyewe kabla sijadondosha chochote, mara nyingi mlango unafunguka.

Baada ya uhuru ilikuja zamu ya kuifuta ndui kabisa. Kampeni ilianza Kongo mwaka 1968, na mgonjwa wa mwisho wa nchi yetu alipatikana mwaka 1971. Wachanjaji walitembea na dawa iliyokaushwa, isiyoharibika upesi kwa joto, na ndiyo sababu walifika hata vijiji vya juu Itombwe. Mtu wa umri wangu ukimkunja mkono wa shati utaona kovu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Mei 1980 kwamba ndui imekwisha, na uchanjaji ukasimamishwa.

Ulisimama wakati mwafaka. Mwaka 1984 kijana aliyeingia jeshi la Marekani alichanjwa ndui kama askari wengine. Hakujua kwamba ana virusi vya ukimwi. Baada ya wiki chache malengelenge yalimwenea mwili mzima, kwa kuwa chanjo iliyo hai ilikuta mwili usiojilinda. Fikiria kama Kongo, wakati huo Zaire, ingekuwa bado inachanja ndui nyumba kwa nyumba katika miaka ile ambayo ukimwi ulikuwa umejificha Kinshasa na miji mingine bila kipimo.

Kilichobaki ni PEV, mpango wa chanjo za watoto uliokuja mwishoni mwa miaka ya 1970, na kartu yake ambayo kila mama wa Uvira anaifunga ndani ya nailoni pamoja na vitambulisho. Isome vizuri kartu hiyo: BCG ya kifua kikuu siku ya kuzaliwa, hai. Matone ya polio, hai. Chanjo ya rota, ya kuzuia kuhara, hai. Surua na homa ya manjano kwenye miezi 9, siku moja, zote mbili hai. Kwa mtoto mzima ni baraka tupu. Ila mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lililazimika kusema kwamba mtoto anayejulikana kuwa na virusi vya ukimwi asipewe BCG, kwa kuwa ile bakteria dhaifu inaweza kumwenea mwilini. Hapo ndipo swali langu la mlangoni lilipoingia rasmi katika vitabu.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Mulongwe alinijia na barua ya hospitali ya India. Mwanawe ni SS, kama tunavyowaita hapa watoto wenye selimundu, na ndugu walioko ng'ambo walikuwa wamechanga akapandikizwa uboho wa dada yake. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mama alikuwa ametafsiriwa nusu yake tu.

"Papa muganga, kesho watu wa polio watapita," aliniambia. "Wanasema hapa eti mtoto asipewe chanjo hai. Nifunge mlango?"

Tulikaa tukaisoma mstari kwa mstari. Anayepandikizwa uboho huunguzwa kwanza uboho wake wa zamani kwa dawa kali, na pamoja nao hupotea karibu yote ambayo mwili ulijifunza: surua aliyochanjwa, polio aliyochanjwa, pepopunda. Anarudi kuwa kama mtoto aliyezaliwa jana, hata kama ana miaka 9, na kartu yake ya zamani haimlindi tena. Chanjo zisizo hai, zile zilizouawa au za kipande cha kijidudu, anaweza kuanza kupewa upya baada ya miezi kadhaa, kwa kawaida kuanzia miezi 3 hadi 6, kwa mpango wa daktari wake. Zilizo hai zinasubiri. Kwa surua kanuni ina masharti matatu kwa pamoja: iwe imepita angalau miezi 24 tangu siku ya kupandikizwa, awe ameacha dawa za kushusha kinga, na seli za aliyemchangia ziwe hazimshambulii mwili. Likikosekana moja, hakuna sindano. BCG hapewi, na matone ya polio hapewi. Badala yake ipo polio ya sindano, ambayo virusi vyake vimeuawa. Homa ya manjano ni uamuzi mzito wa daktari, hasa kwa sisi tunaoishi kwenye nchi yenye mbu wake.

Kilichomshangaza mama ni mstari wa chini, uliohusu wengine nyumbani. Mtoto anayepewa matone huvitoa virusi hivyo kwa choo kwa wiki kadhaa, na katika nyumba yenye choo kimoja na ndoo moja ya maji kutoka ziwani, virusi vinasafiri. Huko Uingereza mtu mmoja mwenye upungufu wa kinga wa kuzaliwa, aliyekuwa amepewa matone utotoni, aligunduliwa kuwa ameendelea kuvitoa virusi vya polio kwa takriban miaka 28. Kwa hiyo mdogo wake wa mwaka mmoja naye apewe ya sindano, si matone. Kama ameshapewa, wawili hao wasichangie ndoo, sahani wala kitanda kwa wiki 4 hadi 6, na anayembadilisha nepi anawe kwa sabuni. Lakini surua, hiyo hiyo iliyo hai, mdogo na dada zake wote wachanjwe bila kuchelewa, kwa kuwa chanjo ya surua haiambukizi wa jirani, na surua yenyewe ndiyo ingemwua huyu.

"Basi usifunge mlango, mama," nilimjibu. "Ufungue, uwaambie. Nitaandika na barua ya Kifaransa waipate mezani."

Kilichofuata mwaka 2023 kilionyesha kwamba jambo hili si la nyumba moja. Tangu Aprili 2016 matone ya kawaida duniani yaliondolewa polio ya aina ya pili, kwa kuwa virusi vyake vya asili vilikuwa vimekwisha. Chanjo yenyewe ndiyo iliyobaki kuwa hatari: pale watoto wengi hawajachanjwa, virusi dhaifu hupita kutoka mmoja hadi mwingine, vikizoea, mpaka vinarudiwa na makali ya kupooza. Wataalamu wakatengeneza matone mapya ya aina ya pili, yaliyofungwa kwa uangalifu zaidi yasigeuke, yakaanza kutumika Machi 2021. Karibu dozi milioni 600 zilikwisha kutolewa katika nchi 28 ilipofika Machi 2023, wakati ilipotangazwa kwamba kwa mara ya kwanza nayo yamegeuka. Watoto 7 walikuwa wamepatikana: 6 wa Kongo, katika mikoa ya Tanganyika na Kivu Kusini, na mmoja wa Burundi, wilaya ya Isale, ng'ambo ya pili ya bonde letu.

Miaka 65 baada ya matone ya Koprowski, chanjo hai ya kisasa kuliko zote ilijikwaa kwenye ziwa lilelile. Wengine walisema bonde lina laana. Sababu ni ya kawaida kabisa: vita, watu wanaohamahama kati ya Fizi, Uvira na Burundi, na watoto wasiofikiwa. Mwaka 1999, katikati ya vita, pande zilikubali kusimamisha risasi siku za chanjo ya polio ili tupite. Siku hizo zilihitaji kuwa nyingi zaidi. Chanjo hai hufanya vizuri ikifika kwa karibu wote, na hugeuka mzigo ikifika kwa nusu.

Na mpox, ugonjwa ulio jamaa ya ndui, imeleta tena swali la mlangoni. Aina mpya ilijitokeza Kamituga mwaka 2023, ikashuka Uvira na kuvuka hadi Bujumbura, na tarehe 14 Agosti 2024 dunia ikatangaziwa hali ya dharura. Waliokosa kovu la ndui, wote waliozaliwa baada ya 1980, hawakuwa na kinga dhidi ya jamaa yake huyo. Chanjo zilizozungumzwa kwa Kongo ni mbili, na zote chimbuko lake ni chanjo ya ndui. Moja, MVA-BN, ina virusi visivyoweza kuzaana mwilini mwa mtu, hivyo hata mwenye kinga dhaifu anaweza kuipokea. Nyingine, LC16m8 ya Japani, ambayo nchi hiyo iliahidi dozi zaidi ya milioni 3, ni hai na huzaana kidogo; ni dozi moja na inafaa watoto, lakini haimfai mjamzito wala mtu wa kinga iliyoshuka. Mchanjaji asiyejua tofauti hiyo atamdhuru mtu kwa nia njema.

Siku hizi mzazi wa mwambao huu halazimiki kwenda India. Muhimbili walianza kupandikiza uboho mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kwa watoto wa selimundu mwaka 2023. Kutoka Uvira unavuka Burundi hadi Kigoma, na kutoka Kigoma reli ya kati inapita Dodoma. Gharama bado ni kubwa, lakini njia ipo, na watoto wa namna hiyo wataongezeka katika mitaa yetu. Mwaka 2019 surua ilipita Kongo ikaua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo. Mtoto aliyepandikizwa mwaka mmoja kabla asingeweza kuchanjwa hata kama chanjo ingekuwa mezani. Kinga yake yote ingekuwa mikononi mwa watoto wa jirani.

Kwa hiyo nawaomba reko, wale wahudumu wa afya wa mitaani, na wachanjaji vijana wafanye mambo mawili. Kwenye fishi ya kampeni waongeze mstari mmoja: je, ndani ya nyumba kuna anayetumia dawa za kushusha kinga, anayetibiwa saratani au aliyepandikizwa uboho? Na kituo cha afya kiweke akiba ya polio ya sindano kwa ajili ya nyumba hizo, ili mama asilazimike kuchagua kati ya kufunga mlango na kuhatarisha mwanawe. Nyumba nyingine zote wazichanje bila kuruka hata moja, kwa sababu aliyekatazwa chanjo anategemea waliokubaliwa. Wakubwa wa 1958 walihesabu vinywa 215,504. Sisi tuhesabu na wale tunaopaswa kuwapita, tuyaandike majina yao, kisha turudi kwao miezi 24 ikishatimia.